Haki tano za dawa: mwanafunzi anazijua kama sala, wodini anakosea. Tunafundisha nini hasa?

#1 MwalimuWaStadi

Wadau wa uuguzi, salaam.

Naleta hoja, nipigwe mawe. Haki tano za dawa (mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi, muda sahihi), zikifundishwa kama tunavyozifundisha, hazimkingi mgonjwa. Mwamshe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza usiku wa manane, atazitiririsha zote bila kukwama. Kisha mpe toroli la dawa wodi ya wanaume saa tatu asubuhi uone.

Haki tano zinataja unakotakiwa kufika, njia haziionyeshi. "Dawa sahihi", vema. Utahakikishaje wakati ampuli mbili zinafanana umbo na rangi, taa hafifu, ndugu wa mgonjwa anaita "nesi, dripu imeisha", na mkono mmoja umeshika faili? Hapo haki tano zimenyamaza.

Mtaala wa WHO wa usalama wa mgonjwa wa 2011, ule wa fani zote za afya, una mada 11. Mada ya 2 ni hii ya binadamu na mazingira yake ya kazi. Usalama wa dawa umewekwa wa 11. Sisi tunaanza na ya 11, na ile ya 2 tunaipa saa moja Ijumaa mchana, kama mwalimu hajapata dharura.

Swali: mwanafunzi anayejua na bado akakosea, kosa lake linatoka wapi? Na darasani tubadilishe nini?

#2 PlastaNyeupe

Tano za enzi gani, mwalimu? Siku hizi kuna wanaohesabu hadi kumi: kuandika sahihi, sababu sahihi, haki ya mgonjwa kukataa, na kadhalika. Zikifika ishirini nadhani wagonjwa watapona kwa kusikiliza orodha tu.

#3 KanulaPinki

Jibu langu kwa #1: kukatizwa. Kuna utafiti wa Sydney wa Westbrook na wenzake, 2010, hospitali 2, wauguzi 98 walifuatwa wakitoa dawa. Kila mara muuguzi alipokatizwa, hatua za utaratibu zilizokosewa ziliongezeka kwa 12.1% na makosa ya kitabibu kwa 12.7%. Hao walikuwa wauguzi wenye leseni, si wanafunzi.

Sasa angalia maabara zetu za stadi. Kimya kama msikitini, mwanasesere mmoja, sinia moja, mwanafunzi mmoja. Tunamfundisha kuogelea kwenye beseni halafu tunamtupa baharini.

Ninavyofanya: mwanafunzi akishavunja ampuli na kuanza kuvuta dawa, namwita. Simwiti kabla wala baada, namwita hapo hapo. Namuuliza kitu cha kweli, mfano "kitanda cha 6 amekojoa?" Anachotakiwa kufanya ni kimoja kati ya viwili: aseme "nisubiri, navuta dawa", au aache kabisa na akirudi aanze dawa ile upya, kuanzia kusoma chati. Akiendelea pale alipoishia, amefeli hata kama kiasi kimetoka sawa.

Marubani wanalo sharti hili tangu 1981: chini ya futi 10,000 hakuna maongezi yasiyohusu kurusha ndege.

#4 FailiLaKijani

Kabla hatujaenda mbali, tusafishe lugha kwanza, maana hapo ndipo mwanafunzi anapotelea.

Kila ajali ya basi ikitokea tunasikia "chanzo ni makosa ya kibinadamu", maana yake dereva ndiye mwenye hatia, kesi imefungwa. Mwanafunzi anaingia darasani na masikio hayo. Ukimwambia leo tunasoma mambo ya kibinadamu katika usalama wa mgonjwa, anasikia "leo tunasoma jinsi nesi anavyokosea". Kumbe somo linaenda kinyume: binadamu anasahau, anachoka, anaona anachotarajia kuona, basi kazi, chumba na kifaa vipangwe kwa kujua hilo.

Tena neno "kosa" letu limebeba mawili, kukosea na kuvunja sheria. Mwanasaikolojia James Reason alizigawa hali hizi mara nne, na Kiswahili kinazo zote tayari:

Kuteleza: ulijua, ulikusudia sawa, mkono ukafanya kingine. Umeshika ampuli ya jirani.
Kupitiwa: umesahau hatua. Umefungua dripu, hukurudi kuangalia.
Kukosea: umefanya ulichokusudia, ila mpango wenyewe haukuwa sahihi. Hesabu, au maarifa.
Kukiuka: ulijua sharti ukaliruka, mara nyingi ili kazi iishe.

Dawa ya kila moja ni tofauti. Aliyeteleza ukimrudisha darasani kusoma umepoteza muda wenu wote wawili, maana alikuwa anajua.

#5 Mzigua90

#4 umenena. "Kupitiwa" naiiba.

Ila huyo Reason ndiye aliyefananisha kinga za ajali na vipande vya jibini la Uswisi lenye matundu. Mwanafunzi wa Nachingwea jibini lenye matundu ataliona wapi?

#6 PlastaNyeupe

Tumia chapati za maji.

#7 FailiLaKijani

Vyandarua. Tundika vinne kimoja nyuma ya kingine, vyote vimetoboka mahali tofauti. Mbu anapita cha kwanza, cha pili kinamzuia. Siku matundu yakilingana, mgonjwa anaumwa. Na uongeze jambo ambalo mchoro wa jibini haulionyeshi vizuri: vyandarua vinatikisika. Tundu la saa tatu asubuhi siyo la saa tisa usiku. Kuna matundu yaliyotobolewa zamani na mtu ambaye hata wodini hafiki, kama aliyenunua ampuli zinazofanana, na kuna linalotobolewa sasa hivi na aliyeshika sirinji.

#8 SistaWaZamu

Mnazunguka sana. Mimi nasema ni hesabu. Mwanafunzi hawezi kugawanya, basi. Mfano magnesiamu salfeti kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ya mshipani ni 4 g za mchanganyiko wa 20%. Unachukua ampuli moja ya 50% yenye 10 ml, unaongeza maji ya sindano 10 ml, unapata 20 ml, unachoma polepole. Kisha 10 g za 50% kwenye msuli, 5 g kila tako, kila sindano na lignokeini (ganzi) ya 2% 1 ml. Muulize mwanafunzi akueleze, atababaika.

#9 MkungaMfawidhi

Sista, shikamoo, lakini hapo pa mshipani pana shida.

Ampuli ya 50% yenye 10 ml ina 5 g, siyo 4. Ukiongeza maji 10 ml umepata 5 g ndani ya 20 ml, yaani 25%. Sahihi ni hivi: vuta 8 ml za dawa (4 g), ongeza maji ya sindano 12 ml, jumla 20 ml, hiyo ndiyo 20%. Ichomwe polepole, isipungue dakika 5. Miongozo mingine inaruhusu hadi 20. Kama sirinji ya 20 ml haipo, tumia mbili za 10 ml, kila moja 4 ml za dawa na 6 ml za maji.

Za msuli uko sawa. Dozi inayofuata ni 5 g kila baada ya saa 4 kwa kubadilisha tako, na kila mara kabla ya kuchoma: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue 30 ml kwa saa. Kalsiamu glukoneti ya 10%, 10 ml, ya kuzimua magnesiamu ikizidi, iwe kando ya kitanda tayari, si kabatini kwenye kufuli ambalo funguo yake imeenda chai.

#10 SistaWaZamu

Marahaba. Asante, 8 na 12, nimekubali. Niliandika haraka.

#11 KanulaPinki

Hahaha, basi uzi umejifundisha wenyewe. Sista anaijua dawa hii, hakuna aliyemkatiza, taa inawaka, na bado. Je, ni kuteleza, kupitiwa au kukosea? Na hesabu haikuwa ngumu, 8 ukijumlisha 12.

#12 FailiLaKijani

Kuteleza, na kuna sababu yake. Ampuli imekuja ya 10 ml na sirinji ya 20 ml. Jicho na mkono vinataka "moja nzima, jaza iliyobaki". Dozi ya 8 ml inakulazimisha kuacha 2 ml ndani ya ampuli, jambo ambalo mwili hauzoei. Mtengenezaji angefunga 4 g, kosa hili lisingekuwepo. Kwa hiyo #8 na #12 sote tunaweza kuwa sahihi: hesabu ndiyo, lakini hesabu iliyotegwa na chupa.

#13 MkungaMfawidhi

Na kuna ampuli za 2 ml za 50%, 1 g kila moja. Dozi nzima ya kuanzia ni 14 g. Kwa ampuli za 10 ml unavunja 3 na inabaki 2 ml. Kwa za 2 ml unavunja 14, mama anatetemeka. Mwanafunzi aliyezoeshwa "vunja tatu" akikuta ndogo atavunja tatu.

Kuhusu kuhakikiana: wengi wanafanya hivi, "dada hebu nihakikishie, hii ni 8 ml, eeh?" Dada anaangalia sirinji, anaona 8, anasema eeh. Huo si uhakiki, umempa jibu kabla ya swali. Wa pili apewe chati na ampuli tu, apige hesabu yake mwenyewe, aandike kwenye karatasi, halafu mlinganishe. Inachukua dakika moja zaidi. Ndiyo maana isifanywe kwa kila panadoli. Ibaki kwa magnesiamu, insulini, kloridi ya potasiamu, damu, na dawa za watoto wachanga.

#14 Mpwani_Tanga

Kwa wachanga nakazia. Jentamisini ya 80 mg kwa 2 ml, mtoto wa kilo 3, 5 mg kwa kilo, ni 15 mg. Ukivuta bila kuchanganya unatafuta 0.375 ml. Nani anaiona hiyo kwenye sirinji ya 2 ml? Ongeza maji 6 ml kwenye zile 2, upate 10 mg kila ml 1, uvute 1.5 ml. Hesabu imekuwa rahisi na jicho linaona.

Vilevile seti za dripu. Ya kawaida ya matone 20 kwa ml: lita 1 kwa saa 8 ni matone 42 kwa dakika. Siku seti hizo zikiisha, stoo inaleta za watoto, matone 60 kwa ml. Mwanafunzi anahesabu 42 zake kwa uaminifu kabisa, lita ile inakwenda karibu saa 24. Hakuna aliyekosea hesabu. Namba ya matone imeandikwa kwenye pakiti, na pakiti imeshatupwa.

Halafu mnasahau tundu letu wenyewe waswahili: SAA. Chati inasema 14:00. Kwenye kukabidhiana zamu inasemwa "ana dawa ya saa nane". Mgeni anaangalia chati anatafuta 08:00. Au daktari anasema "mpe kila saa nane", nusu ya wanaosikia wanaelewa mara tatu kwa siku, nusu wanaelewa kila siku mchana. Kanuni ya kufundisha: kwenye karatasi saa 24 tu. Mdomoni taja saa na kipindi, "saa nane mchana". Kwa muda wa kati sema "kila baada ya masaa manane".

#15 Mzigua90

"Masaa" si Kiswahili sanifu. Ni saa, umoja na wingi.

#16 Mpwani_Tanga

Nilijua utakuja. Hapa "masaa" inatenganisha saa ya ukutani na muda. Ukinipa neno sanifu linalofanya kazi hiyo usiku wa saa tisa nitaliacha.

#17 PlastaNyeupe

Naunga mkono masaa. BAKITA watusamehe.

#18 NesiKisumu

Habari zenu. Hamjagusa mgonjwa sahihi, na hapo ndipo palipotuumiza wote wawili, Kenya na Tanzania. Nairobi mwaka 2018 pale KNH (Hospitali ya Taifa ya Kenyatta) mgonjwa alifunguliwa fuvu kutafuta damu iliyoganda, haikuwepo, kumbe ilikuwa ya mwenzake. Wote wawili hawakuwa na fahamu. Na Dar, Muhimbili 2007, mmoja wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti.

#19 FailiLaKijani

Marekebisho madogo: ya 2007 ilikuwa MOI, taasisi ya mifupa. Iko eneo la Muhimbili lakini ni taasisi yake. Na kilichofanya kisa kile kifae darasani ni kwamba wagonjwa wale wawili walikuwa na jina la kwanza moja. Ukisema "mleteni Emmanuel", wako wawili.

#20 NesiKisumu

Asante kwa kunirekebisha. Basi swali langu linakuwa kali zaidi. 2007 orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji haikuwepo. 2018 ilikuwepo miaka tisa, ina vipengele 19, na cha kwanza kabisa ni utambulisho wa mgonjwa. Kwa nini haikusaidia?

#21 MwalimuWaStadi

Tena orodha ile ilijaribiwa hapa kwetu. Ifakara ilikuwa moja ya hospitali 8 za utafiti ule uliotoka 2009, pamoja na London, Seattle, Toronto, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka 1.5% hadi 0.8%, matatizo baada ya upasuaji kutoka 11% hadi 7%.

#22 KanulaPinki

Na Ontario, Kanada, walipoifanya ya lazima kwenye hospitali 101, matokeo ya 2014 hayakuonyesha kupungua kwa maana kwa vifo wala matatizo. Orodha ile ile. Karatasi inaweza kujazwa yote mgonjwa akiwa bado kwenye korido. Mwanafunzi akiiona inajazwa hivyo mara moja tu, somo la mihula miwili limefutika.

Kwa utambulisho, mfundisheni kutouliza swali la ndiyo. "Wewe ndiye Mama Asha?" Mgonjwa wetu kwa heshima, homa na woga atasema ndiyo hata kama ni Mama Zuwena. Sema "nitajie majina yako matatu", unyamaze, halafu linganisha na namba ya faili na plasta ya jina ya mkononi. Namba ya kitanda si kitambulisho. Mgonjwa anahamishwa kufuata oksijeni, kitanda kinabaki na historia ya mwingine. Asiye na fahamu plasta ya mkononi ifungwe mapokezi, isingoje wodini.

#23 Mzigua90

Sasa nani atamwambia daktari bingwa "huyu siye"? Hapo ndipo penye shida, mengine ni mapambo. Utamaduni wetu. Mdogo hamkosoi mkubwa. Mwanafunzi anaona kabisa, anasema moyoni "labda yeye anajua zaidi".

#24 NesiKisumu

Sikubaliani na "utamaduni wetu". Uingereza, 2005, Elaine Bromiley aliingia upasuaji mdogo wa pua na matundu ya hewa ya mifupa ya uso, njia ya hewa ikakataa. Nesi mmoja akaleta seti ya kutoboa koo, akawaambia iko tayari. Mwingine akapiga simu chumba cha mahututi kutafuta kitanda. Madaktari waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi wakaendelea kujaribu kuingiza mpira wa kupumulia. Akafariki. Hao manesi hawakukulia Kilosa wala Bondo. Mume wake ni rubani, ndiye aliyefanya kisa kile kifundishwe. Hata marubani wenyewe walijifunza kwa gharama, Tenerife 1977, ndege mbili ziligongana wakafa watu 583: fundi wa ndege aliuliza kama njia ya kurukia iko wazi, rubani mkuu akasema ndiyo, wakaendelea. Ngazi za vyeo ziko kila mahali.

#25 MkungaMfawidhi

Wote mna sehemu. Kinachofanana kwenye visa vyote viwili ni kwamba aliyeona alisema kwa kudokeza. "Seti iko hapa." "Njia iko wazi kweli?" Kudokeza mtu aliyezama kwenye kazi hakumfikii, hata akiwa mpole kama njiwa. Masikio yanafungwa, si kiburi peke yake.

Kwa hiyo fundisheni sentensi, neno kwa neno, wazitamke kwa sauti darasani mpaka zitoke bila aibu. Tunazipandisha ngazi:

"Daktari, samahani, nina wasiwasi na kiasi hiki."
"Sijaridhika. Chati inasema 4, hapa kuna 5."
"Hili si salama. Tusimame kwanza."

Heshima haijavunjwa popote. Samahani ipo, daktari yupo. Ya tatu haina samahani kwa makusudi. Na anayepokea naye afundishwe kujibu "asante, tuangalie", hata kama mwanafunzi amekosea. Akijibiwa "wewe mwaka wa ngapi?" hasemi tena mpaka astaafu.

#26 SistaWaZamu

Sentensi nzuri. Kesho yake mwanafunzi huyo ndiye anapigiwa sahihi kitabu cha mafunzo na mtu aliyemsimamisha. Mmelifikiria hilo?

#27 MwalimuWaStadi

Hapo sista umenibana. Sahihi itoke kwa mwalimu wa chuo, si kwa aliyekuwa zamu. Lakini vyuo vingine mwalimu anafika wodini mara moja kwa wiki.

#28 Mzigua90

Ndiyo maana nilisema utamaduni. Sasa nasema hofu ya adhabu. Nabadilisha hoja, siyo dhambi.

Tazameni kesi ya nesi RaDonda Vaught, Tennessee, Marekani. Desemba 2017 alitakiwa atoe midazolamu, dawa ya kutuliza, kwa jina lake la kibiashara Versed. Akaandika herufi mbili VE kwenye kabati la dawa la kompyuta, mashine haikumpa alichotaka kwa sababu ilitumia jina lile lingine, akapita kwa njia ya kuruka kizuizi, ikatoka vekuroniamu, dawa ya kupooza misuli. Mgonjwa akafa. Mwenyewe alikiri. Machi 2022 akatiwa hatiani, Mei akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya jela. Mwambie mwanafunzi ajaze fomu ya tukio baada ya kusikia hiyo.

#29 MkungaMfawidhi

Lakini vekuroniamu ni unga, unauchanganya na maji. Versed ni maji tayari. Na kifuniko kina onyo. Alipita vizuizi vingapi?

#30 FailiLaKijani

Ndiyo sababu kesi hiyo inagawanya watu mpaka leo. Kuruka kizuizi cha kabati kulikuwa jambo la kila siku pale kazini, kwa hiyo upande huo ni kukiuka kulikozoeleka. Kutosoma kifuniko ni kuona unachotarajia. Kuna kipimo alichokieneza Reason cha kuwapa wanafunzi wajadili: mweke mwenzake mwenye mafunzo yaleyale, siku ileile, vifaa vilevile. Je, naye angeweza kufanya hivyo? Kama ndiyo, ukimfukuza mmoja umebaki na kabati lilelile. Wape kura za siri kabla na baada ya mjadala. Darasa halikubaliani, na mwalimu asilazimishe likubaliane.

#31 Mpwani_Tanga

Mnazungumzia kabati la kompyuta. Sisi kabati letu ni friji: oksitosini, insulini na suksamethoniamu (ya kupooza misuli) rafu moja, zote 2 hadi 8 °C, vichupa vinakaa pamoja kwenye kikombe kimoja. Potasiamu ya 15% ya 10 ml (20 mmol) kwenye plastiki angavu kama maji ya sindano, droo moja. Hayo hayahitaji semina. Boksi tofauti, kalamu nyekundu, potasiamu itoke wodini ikae famasi. Insulini nayo: iandikwe "yuniti" kwa herufi, maana U baada ya 10 inasomeka 100.

#32 PlastaNyeupe

Famasi inafungwa saa tisa na nusu alasiri mkuu. Potasiamu ikikaa huko, usiku mgonjwa anasubiri jua lichomoze.

#33 Mpwani_Tanga

Basi ikae kwa mkuu wa zamu, kwenye boksi lenye kufuli, na kitabu cha kusaini wawili. Tundu dogo ni bora kuliko mlango wazi.

#34 KanulaPinki

Kwa mwenye uzi, jambo la kufanya: chumba cha makosa. Kitanda kimoja, mwanasesere, faili, toroli. Unatega mitego 12, wanafunzi 4 kwa mara moja, dakika 8, kila mmoja aandike peke yake kwanza, ndipo walinganishe. Mitego yangu: plasta ya mkono na faili majina yanapishana herufi moja, chati ina mzio wa penisilini na amoksilini imeandikwa, sirinji imejazwa haina maandishi, kizuizi cha pembeni cha kitanda kimeshuka, boksi la sindano limejaa kupita mstari wa robo tatu, seti ya matone 60 imefungwa mahali pa 20, mfuko wa mkojo uko sakafuni, oksijeni imeunganishwa ila bomba limefungwa, sanitaiza tupu, 5.0 mg imeandikwa nukta haionekani. Kanula (kibomba cha mshipani) ina tarehe ya wiki iliyopita. Kengele ya mgonjwa imeanguka chini ya kitanda.

Peke yao wanakamata sita saba. Wakilinganisha, kumi. Mwanafunzi akiona kwamba mwenzake kaona asichokiona yeye, umeshafundisha timu bila slaidi.

#35 MwalimuWaStadi

Hii naichukua. Naongeza kwenye OSCE (mtihani wa stadi wa kupita kituo kwa kituo): alama kwa aliyesimama. Karatasi yetu ya sasa ina alama za kunawa, za kujitambulisha, za pembe ya sindano. Anayesema "ampuli hii siyo, sitoi" anaishiwa muda na kufeli.

#36 SistaWaZamu

Ukiweka alama za kusimama watasimama wote, kila kituo. Wanafunzi tunawajua. Mtego uwepo kwenye vituo viwili kati ya kumi, wasijue vipi.

#37 Mzigua90

Bado hamjanijibu kuhusu zamu ya usiku. Dawson na Reid, 1997: saa 17 bila usingizi utendaji unashuka sawa na mtu mwenye pombe 0.05% kwenye damu. Mwanafunzi ameamka alfajiri kwa kipindi cha darasa, anaingia zamu ya usiku siku hiyo hiyo. Haki tano, sentensi tatu, vyandarua vinne, yote yanapitia kichwa cha mlevi.

#38 KanulaPinki

Hilo ni la ratiba ya chuo, siyo la maabara. Lakini OSCE moja ifanyeni saa kumi alfajiri muone.

#39 PlastaNyeupe

Mnataka kuua walimu sasa.

#40 MkungaMfawidhi

@MwalimuWaStadi, kama unatengeneza kituo cha magnesiamu, usiweke ampuli za 10 ml peke yake. Siku moja weka za 2 ml, 14 za maji zenye lebo, sirinji za 10 ml tu, saa ya ukutani inasikika. Mmoja avunje, mmoja avute, mmoja ahesabu kwa sauti. Vichupa vitupu visitupwe mpaka vihesabiwe mbele ya wote watatu. Mara nyingi wanafika 13 wanaapa ni 14.